Bei ya Jina la Recho

Barua pepe ya kwanza niliifuta. Ya pili nayo nikaifuta. Ya tatu ndiyo iliyonipandisha hasira, maana iliniita kwa jina. Mtu anayejiita Martin Holloway, wa kampuni ya Kanada ambayo sijawahi kuisikia, alikuwa ananisalimu Eufrasia kama mtu niliyecheza naye utotoni, kisha ananiuliza kwa Kiingereza kama ningependa kuuza domeini yangu.

Domeini ni lile jina unaloandika kwenye simu ili duka la mtu lifunguke. La kwangu ni Dagaa wa Recho. Recho alikuwa dada yangu, na ndiye aliyeanza kuanika dagaa juu ya vichanja vya waya pale ufukweni Katonga wakati wenzake wakiwamwaga mchangani. Watu wa Tabora na Dodoma wakaonja dagaa wasiosaga meno kwa mchanga, wakawa hawataki tena wengine. Alipofariki, miaka saba iliyopita, mume wake Castory alibaki na mitumbwi na mimi nikabaki na biashara. Yeye anavua, mimi naanika, nafungasha na kuuza kupitia tovuti. Hatukuwahi kuandikishana chochote. Siku ya kusajili jina Castory alikuwa amelala baada ya kazi ya usiku kucha ziwani, kwa hiyo likasajiliwa kwangu. Lakini tulipomaliza matanga tuliambiana, mimi na yeye, kwamba jina la Recho halitoki nje ya familia.

Sasa huyu Holloway alilitakia nini? Kanada hawali dagaa wa Kigoma.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama alizoea kusema nilizaliwa nikimkagua mkunga. Nilichukua simu nikaenda nayo Kasingirima kwa Yasmini, mwenye steshenari, ambaye ndiye aliyenitengenezea tovuti na ndiye anayeilinda. Alisoma zile barua akacheka. Akaniambia zinakuja nyingi za namna hiyo, na nyingi ni za matapeli. Kwanza wanakusifia jina lako, kisha wanakubali bei yoyote utakayotaja, kisha wanakwambia ulipie cheti cha kuthibitisha thamani ya jina kwa ofisi wanayoijua wao. Ukishalipia cheti, mnunuzi anayeyuka. Wachache ni wanunuzi kweli, ila hata hao usiwatajie bei ya kwanza. Kama huuzi, alisema Yasmini, jibu mara moja kwamba jina haliuzwi, halafu nyamaza. Au usijibu kabisa.

Ushauri mzuri. Laiti ningekuwa mtu wa kusikia ushauri.

Holloway aliandika tena mwezi wa nne, mara mbili. Hakuomba hela ya cheti. Hakuomba kitu. Hilo ndilo lililonikosesha raha, kwa sababu tapeli anayeomba hela unajua pa kumshikia, ila huyu alikuwa anauliza kwa adabu tu, sentensi zimenyooka, salamu mwanzo na salamu mwisho. Nikaanza kuwatazama watu vibaya. Nilimshuku Gervasi, mwanikaji mwenzangu ambaye vichanja vyake vinapakana na vyangu. Nilimshuku mteja wangu wa Dodoma aliyekuwa ameuliza bila sababu tovuti ina miaka mingapi. Kwa muda wa siku moja nilimshuku hata Yasmini, Mungu anisamehe, nikabadilisha nywila kisha nikashindwa kuingia, ikabidi yeye huyohuyo anifungulie.

Mwezi wa tano akaandika tena, nami nikachoka kukimbizwa. Nikasema ngoja nimtege. Nikaandika kwamba jina linauzwa, shilingi milioni thelathini, isipungue hata senti. Nikaipitisha kwenye simu initafsirie, nikatuma. Nilijua moja kati ya mawili: ataomba ile hela ya cheti nimtukane, au atakimbia.

Kesho yake asubuhi akajibu kwamba anakubali. Akauliza nathibitisha lini.

Nisidanganye. Siku mbili sikumjibu. Jumanne nilimwita Jeremia, fundi wa mabati, akapanda juu ya nyumba yangu ya Katubuka na futi yake, akapima paa lote, lile linalovuja tangu mvua za mwaka juzi. Nilimwandalia chai. Usiku huo na Jumatano yote nilikuwa najiambia kwamba Recho mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema mtu asilowe ndani ya nyumba yake kwa ajili ya jina. Alhamisi ndipo nilipopata akili, au haya, nikaandika kwamba jina haliuzwi na asinitafute tena.

Hakunitafuta tena. Ila kuanzia hapo dagaa wa Castory wakapungua. Giza la mwezi ule, mitumbwi ilipoingia ziwani, aliniletea nusu ya mzigo wa kawaida. Akasema ziwa limekataa. Nilitazama vichanja vya Gervasi vikiwa vimejaa mpaka pembeni, nikajiuliza ziwa gani linalokataa upande mmoja.

Siku moja mteja wa Dodoma alinipigia kuuliza lini atapata dagaa wapya. Ukutani nina kalenda ambamo nimezichorea duara siku zote za mbalamwezi, zile ambazo mwezi unang'aa na dagaa hawafuati taa, hivyo mitumbwi inapandishwa pwani na wavuvi wanapumzika. Nilikuwa namsomea tarehe, simu sikioni, macho yangu yakatua kwenye ile tarehe niliyotaja bei. Ilikuwa ndani ya duara. Nilipomaliza kuongea nilifungua barua za Holloway, pamoja na zile mbili nilizozifukua kwenye taka, nikazilinganisha na kalenda moja baada ya nyingine. Zote saba zilikuwa ndani ya duara. Hakuna hata moja iliyoandikwa siku za giza.

Mtu wa Kanada anahusika nini na mwezi wa Katonga? Huyu alikuwa mtu ambaye siku za giza yuko majini usiku na mchana amelala. Wavuvi wako wengi. Wavuvi wanaoandika Kiingereza kilichonyooka, chenye salamu mwanzo na mwisho, mimi namjua mmoja, aliyekuwa karani bandarini kabla ya kununua mitumbwi, akiandika karatasi za mizigo ya Bujumbura na Kalemie.

Sikutaka kuamini. Nilisubiri mbalamwezi iliyofuata, nikaenda.

Nilimkuta Castory peke yake kando ya mtumbwi, anashona wavu. Nilimwamkia shikamoo shemeji, akaitikia, akanisogezea ndoo niikalie. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha nikatoa simu nikamwandikia Holloway maneno matatu, safari hii kwa Kiswahili: nimebadili mawazo, tuzungumze. Nikatuma. Mtandao wa pale unajivuta. Halafu simu ikalia mfukoni mwa shati la Castory.

Hakuishika. Aliendelea kushona. Castory ambaye simu ikilia huacha hata sahani ya ugali.

"Soma, shemeji," nikamwambia. "Ni mimi nimekuandikia."

Aliweka sindano ya wavu juu ya goti. Hakukana, na hilo namheshimu kwalo. Alinieleza bila kuniangalia kwamba mwezi wa pili Gervasi alimwambia kuna watu wa Dar wanakuja kwangu Katubuka na begi, na kwamba nauza jina. Watu wenyewe walikuja kweli. Walikuwa wanauza mashine za kufungia mifuko, na sikununua.

"Si ungeniuliza," nilisema.

"Ningekuuliza ungeniapia. Na mimi ningekuamini."

"Kwa hiyo ukaona bora unitege kama panya."

"Niliona bora nijue."

Nilikasirika. Nilimwambia hiyo milioni thelathini angeitoa wapi, mtu asiye na hata milioni tatu. Nilimwambia kwamba bei ile ilikuwa mtego, nilidhani nazungumza na mwizi nikataka nione atafanyaje, na kama angekuwa ananijua kwa miaka yote hii angejua hivyo.

"Nilijua," akasema Castory. "Niliposoma nilicheka peke yangu hapa. Nikasema huyu ndiye Eufrasia. Nikajibu nakubali, nikakaa kusubiri matusi yako." Alichukua tena sindano, akaitazama. "Jumanne nikasubiri. Jumatano nikasubiri."

Nilijua ninaweza kusingizia mtandao. Nilijua ninaweza kusema niliumwa, na kwamba angenyamaza akakubali, kwa sababu alikuwa anataka kukubali, niliona usoni mwake. Hasira yote niliyokuja nayo kutoka Katubuka ilikuwa imenikimbia.

Akaniambia jina nibaki nalo, yeye hana ugomvi juu ya hilo. Ila mzigo wa giza lijalo ameshamwahidi Gervasi, nusu nzima, na neno lake hawezi kulirudisha. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za watoto, "Siku zile mbili ulikuwa unafanya nini, shemeji?"

"Nilikuwa napimisha paa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Aliuliza yangetosha mabati mangapi.

"Sitini na nne," nikajibu, haraka kuliko nilivyotaka, kwa kuwa hesabu ilikuwa bado kichwani.