Jeneza Lililochagua Lango

Bénie aliuawa asubuhi kwenye kona ya Naviundu, akiwa amejitwika beseni la maandazi. Aliyemgonga ni Clovis, kijana wa Golf, mtaa wa matajiri, kwa jeep ya baba yake. Polisi walimkamata, wakamkalisha kitini, wakacheka naye kidogo, wakamwachia. Elisée, kaka wa marehemu, alipopata habari hizo hakulia. Alikula kiapo cha kulipiza.

Na nani angemshangaa? Diploma yake ya chuo kikuu ilikuwa ikila vumbi juu ya kabati la mama yake. Yeye na wenzake wa Kenya, mtaa wao wa kimaskini mjini humo, walishinda kibandani kwa Ngosa, fundi viatu, wakiitukana serikali, wakiwatukana mabosi, na hata mvua haikusalimika. Walikuwa na nguvu za kubomoa mlima, na hawakupewa hata kichuguu. Kisha Bénie akafa, na Mungu anisamehe, wote wakapata kazi.

Germaine, mama yao, hakutaka vurugu.

"Maman Simone aliona yote," alimwambia mwanawe pale kwenye kilio. "Alikuwa mu taksi, nyuma ya ile jeep. Anaikala kule Golf, karibu na kwabo na Clovis, lakini haogopi. Ataenda kusema ku tribunal, mbele ya jaji. Tuzike mutoto, tungoje."

"Tribunal ni ya batajiri, bale beko na feza, maman. Mi sitangoja."

Siku ya mazishi vijana walilinyakua jeneza, kama vijana wa mji huu wafanyavyo mwenzao akiuawa. Husemwa kwamba marehemu hakubali kwenda makaburini kabla ya kupita kwa mwuaji wake; huwasukuma wabebaji mwenyewe hadi mlangoni pake. Elisée hakuamini hata chembe. Lakini alijua wenzake wanaamini, na mwenye imani hurusha jiwe mbali zaidi. Akashika upande wa mbele, na kila njia panda akaegemeza bega kule alikotaka kwenda.

"Anatusukuma," alisema. "Ni Bénie njo anachagula njia. Hakuna muntu ya kumubishia."

Wakaitikia huku machozi yakiwatiririka. Elisée alikuwa na furaha, furaha mbaya, ambayo hakuwahi kuionja tangu amalize masomo.

Kufika Golf, barabara ya akina Clovis ilikuwa imefungwa na askari. Bomu la machozi likaanguka katikati yao. Ngosa, aliyeshika nyuma, akajikwaa. Jeneza likayumba, likazunguka, pembe yake ikagonga lango dogo la kijani.

"Ni hapa," mtu akasema. "Amechagula."

Elisée alilifahamu lango lile. Juzi yake tu alikuwa amemsindikiza mama yake pale, akakataa kuingia.

"Hapana hapa," alisema. "Ni kwa Maman Simone. Ni mi njo nilikuwa nasukuma, tangu kule Kenya. Bénie hakusukuma kitu."

Ngosa alimtazama kwa huruma. "Kilio kinamuvuruga kichwa. Mushikeni."

Wakamshika, kwa upole kabisa. Waliobaki wakaleta matairi, wakayatia moto langoni.

Simone alinusurika kwa kuruka ukuta wa jirani. Bénie alizikwa chini ya ulinzi wa polisi. Kilio kilipokwisha, Germaine alimchukua mwanawe kwenda kuomba msamaha. Simone alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kuazima, nywele zimeungua upande mmoja. Elisée akapiga magoti, akakiri kila kitu bila kujitetea. Simone alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nasikia, mutoto. Simama."

Germaine akauliza polepole habari ya tribunal.

"Tribunal ya nini?" Simone alisema. "Siku ile nilikuwa nalala mu taksi. Sikuona jeep, sikuona muntu."

Alimkazia macho Elisée bila kupepesa. Elisée aliyajua macho yale; ndiyo aliyokuwa nayo mwenyewe tangu Bénie afe.

Germaine alimshukuru, akakaza kitenge chake kiunoni, akatoka. Njia nzima alitembea mbele, hakumngoja mwanawe.