Jumba la Wafalme, Saa Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja nimetembeza wageni Diani, na vitabu walivyoviacha hotelini ndivyo vilivyonifundisha kazi. Kimoja kilieleza jumba la kale la wafalme mjini Stockholm, chumba baada ya chumba. Nilikisoma mpaka nikakihifadhi. Nilipopelekwa huko mwezi wa Disemba kwa semina ya wiki moja, nilitaka jambo moja tu: kuingia ndani ya jumba hilo. Nafasi yangu ilikuwa Jumamosi. Jumapili alfajiri nilikuwa narudi.

Dada Twaiba, binti wa mjomba wangu wa Msambweni, ameolewa huko Stockholm. Alisema atanipeleka. Nilifika kwake saa tatu asubuhi, nikamwamkia.

"Marahaba. Vua koti, ule kwanza."

"Dada, mlango unafungwa saa tisa."

"Saa tisa ni mchana, Swabir. Mgeni atoke kwangu na tumbo tupu, baba akisikia atasema nini?"

Yakaja mahamri na mbaazi. Kisha pilau ikabandikwa. Kisha akaja jirani yake, Bi Shutu wa Kikoneni, aliyesikia kuna mtu katoka nyumbani, akaniuliza habari za mmoja mmoja, walio hai na waliokufa. Kila nilipotazama saa, Twaiba aliniongezea sahani.

"Huli? Au Wazungu wa Diani wamekuzoeza majani?"

Bi Shutu akacheka. Nami nikacheka, nikala. Kukataa chakula cha mwenyeji sikulelewa hivyo.

Tulitoka saa nane na nusu. Kwetu saa hiyo jua linachoma. Huko lilikuwa limelalia mapaa, linazama. Tulipofika kiza kimeshaingia, na mlinzi anafunga lango.

"Basi kesho," Twaiba akasema.

"Kesho niko angani, dada."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

 Kando ya lango palikuwa na kibao cha maelezo. Twaiba alipangusa theluji kwa mkono, akamulika kwa simu, akaanza kunisomea kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. Yote nilikuwa nayajua. Alipokosea mwaka sikumsahihisha. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ngazi ninayoijua idadi ya vidato vyake. Nilimwacha asome hadi mwisho.