Springi ya Siku Saba

"Ukilipiga hilo dude lako leo, Bi Zabibu, mimi na wewe basi. Hata chumvi tusiombane!"

"Upande mmoja tu wa sahani ya santuri, Mama Rugambwa! Nafunga madirisha, nalifunika na blanketi. Nani atasikia?"

"Nitasikia mimi. Mutalemwa kazikwa jana tu."

"Mutalemwa mwenyewe alipenda dansi kuliko mimi na wewe!"

"Basi nenda kamwamshe acheze."

Wapita njia wawili walisimama kusikiliza, maana mtaa wa Rwamishenye ugomvi wa bure haupitwi. Bi Zabibu alishika kiuno akatazama juu, kama mtu anayeomba ushahidi wa mawingu. Juma zima! Juma zima anamiliki gramafoni na hajaisikia hata ikikohoa.

Aliinunua Jumamosi iliyopita kwa Harshad, fundi wa saa na redio kule mjini. Gramafoni ya zamani hasa, ya kuzungusha kwa mpini, sanduku la mbao lililong'arishwa mpaka unajiona meno. Hakutoa fedha, kwa kuwa hakuwa nazo. Alitoa baiskeli ya marehemu mumewe. Watu walimsema, akawaacha waseme. Kabla ya vita nyumba yake ilikuwa na gramafoni, na jioni ya Idi ukichelewa hupati pa kukaa, unasikilizia dirishani. Vita vilipokuja wakakimbilia Muleba kwa kaka yake Yunus. Waliporudi wakakuta mlango umevunjwa, gramafoni haipo. Kisha ukaja ugonjwa huu, ule wa kukondesha, ambao mwanzoni watu waliuita Juliana kwa mzaha, jina la nguo za magendo za wakati ule, mzaha ukaisha. Sasa watu walijaa nyumbani kwa mtu kwa sababu moja tu, na walikuja na kanga kiunoni. Bi Zabibu alitaka kuona watu wamejaa kwake tena na hakuna anayelia.

Lakini Harshad alikuwa mkweli. "Springi ya zamani ilikufa," alimwambia. "Hii nimeitoa kwenye mashine nyingine nikaikata. Ifanyishe kazi kila siku. Ikiwa mbovu itakatika ndani ya siku saba. Ikikatika niletee, natengeneza bure. Ila Jumamosi ijayo napanda meli, mama. Mke wangu Jasumati na watoto wameshatangulia. Sirudi tena. Na hapa Bukoba hakuna mwingine anayeweza kazi hii."

Siku saba! Jumamosi ileile jioni, kabla hajaweka sahani, kilio kilitoka kwa mzee Josia: mkwewe amefariki. Na mtaani kwao, kama kwa Wahaya wote, msiba ukiingia jembe halishikwi wala muziki haupigwi mpaka matanga yaanuliwe. Zamani siku zilikuwa nyingi. Misiba ilipozidi, wazee walikaa wakazipunguza, la sivyo mashamba ya migomba yangeota msitu na watu wangekufa njaa.

Jumatatu, akiona siku zinakwenda, alilipakia dude kwenye basi mpaka Muleba. Yunus alimpokea stendi akiwa amekunja uso. "Dada, hilo sanduku usilishushe. Jirani yangu kafiwa asubuhi hii." Akarudi na basi lilelile.

Jumanne wakaanua matanga kwa Josia. Bi Zabibu akatandika mikeka, akachemsha chai ya birika zima, akaita watu. Saa sita ikaja habari: Mutalemwa, jirani yao, amefia Dar es Salaam, mwili uko njiani. Chai wakainywea msibani.

Jumatano akalitwika kichwani mpaka Ijuganyondo kwa binamu yake Asha. Alipokata kona akakuta watu wamekaa kwenye nyasi nje ya nyumba ya pili. Mzee mmoja alimtazama na sanduku lake, akauliza kwa upole kama ndilo la kukusanyia rambirambi. Bi Zabibu alilisukumia nyuma ya mgomba, akakaa kumenya ebitoke, ndizi za kupika, pamoja na wanawake mpaka jua lilipozama.

Na leo ni Ijumaa.

"Mama Rugambwa," alisema sasa, sauti ikimshuka, "kesho Harshad anaondoka. Nimetoa baiskeli ya Sefu. Likinifia mkononi nitafanya nini? Nifugie kuku?"

Mama Rugambwa, jina lake Adventina, alifungua fundo la kanga, akalifunga tena.

"Siku tuliyomzika Rugambwa wangu," alisema, "kule baa walipiga muziki. Nimesimama kaburini nasikia gitaa. Gitaa, Bi Zabibu! Sikuwahi kukwambia."

Bi Zabibu akashusha mikono kiunoni.

Ndipo kengele ya baiskeli ilipolia njiani, na Harshad akashuka kwenye baiskeli ya marehemu Sefu, jasho linamtiririka, mfuko wa zana begani.

"Mama, mbona kimya? Nafunga mizigo, roho hainipi. Springi inasemaje?"

"Haisemi! Hatujapiga hata sahani moja. Misiba, Bwana Harshad! Misiba juu ya misiba!"

"Mpini hujauzungusha?"

"Nizungushe vipi na muziki umekatazwa?"

Harshad alimkodolea macho. Akaingia ndani, akafunua sanduku, akauinua mkono wenye sindano na kuufunga pembeni kwa uzi. Akazungusha mpini, akaachia. Sahani ikazunguka. Ikazunguka na kuzunguka, kimya kama maji kwenye mtungi.

"Springi haijui kuimba," alisema. "Sindano ndiyo inayoimba."

"Mawe, mama yangu!" Bi Zabibu akajipiga paji la uso. "Yaani Muleba nimekwenda bure? Na Ijuganyondo? Na shingo yangu hii?"

Adventina, aliyekuwa mlangoni akichungulia, alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Wakaanza kazi. Harshad alizungusha, Bi Zabibu akazungusha, mkono ukamchoka. Adventina akasema, "Lete hapa, wewe unazungusha kama unasonga ugali wa mgonjwa." Watu waliotoka msibani wakaingia mmoja mmoja kuona kuna nini, wakakaa mikekani, wakaangalia sahani isiyo na sauti ikizunguka. Mtu akanong'ona habari za mjane wa Mutalemwa, mwingine akamsahihisha. Nyumba ikajaa.

Mara ya ishirini hivi, Adventina akiwa kwenye mpini, ndani ya sanduku pakalia paaa! kama bunduki. Watu wawili walilala chini.

"Mimi sijafanya kitu!" alipiga kelele Adventina.

Bi Zabibu alikaa kitako. Harshad ndiye aliyetabasamu.

"Afadhali leo," alisema, akifungua mfuko. "Ingekatika Jumapili, ungenitukana mpaka Mwanza. Juzi nimepata nyingine moja, nzuri kuliko hii. Lakini ni kazi ya saa tatu nne, na tangu asubuhi sijaonja kitu. Nyumbani vyombo vyote viko kwenye makasha."

Bi Zabibu aliangalia jikoni kwake. Jiko lilikuwa la baridi. Siku nzima alikuwa akigombana.

Adventina alijifuta grisi kwenye kanga, akamnyang'anya fundi bisibisi.

"Hiyo itangoja. Bwana Harshad, kwangu kuna ebitoke na maharage, nyama sijatia, najua huli. Na wewe, Bi Zabibu, unakaa chini unangoja nini? Inuka tukale. Karibuni nyumbani."