Ngazi Inayotokea Uani

Jumatatu, saa nne kasoro robo, fundi rangi alipanda ngazi kuu ya jumba la zamani akiwa na ndoo mbili za rangi nyeupe, akahesabu vipandio ishirini na sita, akatokea uani. Aliweka ndoo chini, akatazama pipa la maji na kamba ya kuanikia, akaona ni uani kweli. Akazunguka hadi mlango wa mbele, akapanda tena. Mara ya tatu ndoo moja ilianza kumwagika, ndipo akaenda kumwambia mbunifu.

"Dada, ngazi yako hainifikishi juu."

"Inakufikisha wapi?"

"Uani."

Mbunifu akaandika kwenye daftari: ngazi kuu, uani. Mafundi walimwita Futi kwa sababu futikamba haikumtoka mkononi kutwa, na wapo walioapa kwamba hulala nayo. Alikuwa ameacha ajira kwenye kampuni kubwa ili asimame kwa miguu yake, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza: kubuni shoruumu ya masinki, mabomba na vigae ndani ya jumba la miaka mia moja na kumi. Mwenye jumba, ambaye mji mzima ulimwita Tajiri wa Masinki, alitaka mteja aingie kwa mlango wa mbele, apande ngazi ile ya mbao iliyochongwa, afike juu moyo umeshalainika, ndipo aonyeshwe sinki.

Siku hiyo hawakupaka rangi, walifanya majaribio. Fundi umeme alipanda, akatokea uani. Fundi bomba, uani. Mama wa chai, uani, ila chai haikumwagika hata tone. Tajiri alipanda huku akiongea kwa simu, akafika juu bila hata kukata maongezi. Meneja wa benki aliyekuja kumsalimia naye akafika juu. Futi alipanda na futikamba mkononi na penseli sikioni, akatokea uani. Akaweka futikamba, akashika mkoba, akavaa miwani ya jua, akatokea juu. Akashuka na kurudia yote mara ya pili, maana kipimo kimoja si kipimo.

"Itakuwa ni nguo," alisema fundi rangi.

Tajiri, ambaye hakuwa mchoyo wa vitu vidogo, alimwazima koti lake. Fundi rangi alilivaa, akafunga vifungo vyote, akapanda kwa maringo kama bwana harusi, akatokea uani akiwa amependeza sana. Alishinda na koti hilo mpaka saa nane.

Jumatano akaja afisa wa majengo ya kale. Alikuwa mtu wa fomu na kalamu tatu. Alipanda mwenyewe, akafika juu, akashuka. Akamwomba fundi umeme apande, akamsubiri azunguke kutoka uani, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Enzi za wenye jumba wa kwanza, alieleza, juu palikuwa pa wakubwa na wageni wao, na watumishi walipita ngazi ya chuma iliyo nyuma. Palikuwa na kibao cha amri pale mlangoni. Kibao kiling'olewa zamani, lakini ngazi haikuambiwa.

Akaandika kwenye fomu: *Ngazi inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Ihifadhiwe, isiguswe.* Akapiga muhuri.

"Hata kipandio kimoja?" Futi aliuliza.

"Dada yangu, hii ni historia."

Futi aliipokea nakala yake huku roho ikimuuma. Mama yake mzazi alifagia jumba hili miaka thelathini na moja. Kila asubuhi alipanda ile ngazi ya chuma na ndoo na fagio, na kila Ijumaa aliipaka nta ngazi ya mbele, akianzia kipandio cha juu kabisa na kurudi kinyumenyume mpaka cha chini. Kushuka hakukukatazwa. Sasa magoti yalikuwa yamechoka na ngazi ya chuma haiwezi tena. Aliposikia kazi ya jumba imemwangukia bintiye, hakuomba zawadi wala shukrani.

"Siku ya ufunguzi nataka nipande ile ya mbele," alisema. "Mara moja tu. Nifike juu kama mtu."

Futi alikubali kabla sentensi haijaisha. Penye nia pana njia, alimwambia. Hakujua bado kwamba njia nyingine hutokea uani.

Jioni ya Jumatano hiyo alimkuta mama yake sebuleni akikunja nguo, akamsomea fomu ya afisa neno kwa neno, mpaka muhuri. Mama alicheka hadi shuka likamtoka mikononi.

"Ngazi ile naijua kuliko baba yako. Wewe chora, mwanangu."

Futi hakucheka. Alikuwa na hasira, na hasira yake siku zote iliishia kwenye karatasi. Alikunja michoro ya kwanza, ile iliyojaza vitu vyote vizuri ghorofani, akaisukuma chini ya kabati. Akaanza upya.

Ijumaa alikaa na Tajiri mezani.

"Mzee, sinki huchaguliwa na nani?"

"Na mteja."

"Na mteja humwuliza nani kwanza?"

Tajiri alifikiri. "Fundi bomba wake."

"Na fundi bomba ngazi inampeleka wapi?"

"Uani."

"Basi shoruumu yako iko uani, mzee wangu. Huko juu ni ofisi tu."

Tajiri alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Mambo ya biashara hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliuliza kama juu patabaki ukumbi wake wa wageni, akaambiwa patabaki. Futi akamuuliza kama yuko tayari kwenda pamoja naye kwa afisa, wakaombe ngazi ibadilishwe. Tajiri alimtazama kwa mshangao, mara ya kwanza wiki nzima mtu kushangaa katika jumba lile.

"Ibadilishwe kwa nini? Mbona mimi inanifikisha?"

Kwa hiyo ua ukajengwa. Futi aliweka kivuli cha mbao, mabenchi mapana, na vigae halisi chini ili mafundi wavikanyage na kuvigonga kwa visigino kama wapendavyo. Mabomba arobaini yalitiwa maji kweli, kila moja na sinki lake. Kamba ya kuanikia ilibaki kwa sababu mama wa chai alikataa iondolewe.

Siku ya ufunguzi mama alifika na gauni la bluu na viatu vipya ambavyo havijui bado njia ya kwenda sokoni. Mafundi walijaa uani mapema. Wengine walipita ubavuni mwa jumba, wengine waliona uvivu wakapanda ngazi kuu. Futi alikuwa na mkoba na miwani ya jua. Futikamba aliiacha kwa fundi rangi. Alimshika mama mkono. Hakuna aliyewahi kujaribu hivyo, watu wawili wa namna mbili mkono mmoja.

Walipanda polepole kwa ajili ya magoti. Kwenye kipandio cha ishirini Futi aliona taa za juu. Kwenye cha ishirini na nne aliona viatu vya Tajiri na pindo la zulia. Akaubana mkono wa mama. Cha ishirini na sita kilikuwa na jua, na sauti ya mabomba arobaini yakimwaga maji.

Ua mzima ulishangilia. Futi machozi yalimlenga.

"Sasa unalia nini?" mama alisema. "Mbona ua umekaa vizuri?" Akaenda kunawa mikono kwenye kila bomba, akisifia moja na kukosoa jingine.

Juu, Tajiri alishika kipaza sauti. "Mbunifu wetu yuko wapi? Apande, watu wamwone!"

Uani wote walijua kwamba Futi akienda peke yake, na mkoba wake, atafika.

"Nenda, unaitwa," mama alisema, akiketi kwenye benchi.

Futi alimwekea mama mkoba mapajani, akaketi kando yake. Tajiri alisubiri kidogo, akaita tena, kisha akawaeleza wageni kwamba wazo la shoruumu hii alikuwa nalo tangu utotoni. Huko juu wakapiga makofi. Uani nao wakapiga, kwa adabu.

Mama alipiga ya kwake hadi mwisho, halafu akasimama na kulinyoosha gauni.

"Twende tena."

"Mama, itatuleta hapa hapa."

"Najua. Lakini tukiwa njiani, si tunakuwa tunapanda?"

Wakazunguka hadi mlango wa mbele.