Mtaalamu Hayupo

Ijumaa ile Onesphory alikuwa na kazi moja tu. Msinicheke. Pale ofisini Mbulu kila mtu anajua kwamba mtu wa kompyuta hajawahi kuwa na kazi moja tangu aajiriwe. Alitakiwa kuhamisha majalada ya watumishi kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya. Akimaliza, Bi Leticia, mkuu wa utawala, angemsainia ruhusa, naye saa sita angepanda pikipiki yake kwenda Balangdalalu kwa wazazi wa Filomena, kupeleka posa. Mjomba wake alikuwa ameshatangulia na asali ya posa. Mara mbili Onesphory alishawavunjia miadi wazee wale: mara ya kwanza printa, mara ya pili printa ileile. Baba yake Filomena akatuma ujumbe kwamba safari hii asipofika, asije tena.

Sasa kompyuta ile kuukuu ilikuwa na kiburi chake. Kila baada ya dakika tano iliuliza kama iendelee, na usipobonyeza upesi, inaanza upya. Kazi ni kukaa na kubonyeza, basi. Lakini mara mlango ukafunguliwa, akaingia mzee Sulle, mlinzi wa geti, redio kwapani.

Wewe utamsalimia mzee umekaa, macho kwenye kioo? Labda kwenu. Onesphory alisimama, akatoa shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, za mahindi, za mama yake kule Tlawi, na za ng'ombe wa mama. Alipogeuka, kompyuta ilikuwa imeanza upya.

"Redio hii inakoroma," mzee Sulle akasema.

"Mzee, mimi ni wa kompyuta."

"Kwani hii haina waya?"

Akatoka mzee, akaingia mama Marieta wa jikoni na mizani yake. Shikamoo, marahaba, kompyuta ikaanza upya. Akaja Hilda wa masjala, amesahau nywila aliyopewa jana baada ya kuisahau ya juzi. Kufikia saa nne kazi ilikuwa asilimia tisa, na Onesphory alikuwa karibu kulia.

Akachapa karatasi: MTAALAMU WA KOMPYUTA HAYUPO LEO. Ili iheshimiwe, akaigonga muhuri wa ofisi, akaibandika mlangoni. Mnajua wenyewe, pale kwetu neno la mtu hubishaniwa kutwa nzima, lakini muhuri haubishaniwi.

Hilda akarudi, akaisoma, akaingia. "Kumbe hayupo," akamwambia Onesphory usoni. "Basi nitamsubiri." Akavuta kiti. Mzee Sulle naye akaingia, na Onesphory alipotaka kusimama, mzee akampungia mkono.

"Kaa tu. Wewe hupo."

Kufikia saa tano na nusu watu kumi na mmoja walikuwa wamejaa chumbani, wanamngoja, wala hakuna aliyemsemesha. Mama Marieta alimletea chai, akaikumbuka karatasi, akainywa mwenyewe. Onesphory akabonyeza kwa raha ambayo hajaipata miaka sita. Saa sita kasoro robo, asilimia mia.

Akakimbia na fomu yake kwa Bi Leticia. Bi Leticia akaisoma mara mbili, akaweka kalamu chini.

"Nimeliona tangazo lako. Nitamruhusuje kuondoka mtu ambaye hajafika kazini? Wakaguzi wakija nitawaambia nini?"

"Bi Leticia, si ndiye mimi huyu?"

"Mimi nakuona, mwanangu. Karatasi haikuoni. Tutayamaliza Jumatatu."

Jumatatu Filomena angekuwa si wake tena, na alijua hivyo. Alikaa koridoni ameshika kichwa, hasira zikimpanda kwa kila muhuri aliowahi kuuona. Kisha akaacha kushika kichwa. Ruhusa huombwa na aliyepo. Asiyekuwepo aiombe ya nini?

Akaenda kuchukua koti na kofia ya pikipiki mbele ya wale kumi na mmoja. Hakuna aliyeuliza kitu, ila mzee Sulle alinyanyuka akamfuata nje. Onesphory akaona yamekwisha, maana mzee yule hajawahi kumfungulia geti mtumishi asiye na fomu yenye saini, hata aliyekuwa anaugua.

Mzee akamtazama, akatazama mikono yake isiyo na fomu, akafungua geti lote.

"Ukimkuta mtaalamu huko Balangdalalu," akasema, "mwambie redio bado inakoroma. Na asiwakosee wakwe."