Folda ya Washindani

Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi, mjinga wa watu, nikafurahi.

Kwenye shuka jeupe tulilolitundika ukutani, kikombe cha chai kilikuwa kinafuka. Mvuke ulipanda taratibu, ukageuka ukungu wa mlimani, na ndani ya ukungu akatokea mwanamke aliyejitwika ndoo ya tangawizi mbichi. Hapo ndipo ujumbe ulipoteremka kutoka juu ya picha, herufi nyeusi ndani ya kisanduku cheupe: *Mama. Umekula?* Ulikaa kidogo kwenye paji la uso la yule mwanamke, ukapotea. Kisha sauti nyororo ya kike ikasema, "Mkulima, jasho lako tunalijua," na namba ya simu ikatokea, kubwa, ya njano, ikakaa pale sekunde tano nzima.

Watu wa Mhezi, kijijini kwetu mlimani, si wepesi wa makofi. Siku ile waliyapiga mpaka benchi zikalia. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka kwenye mnada wa sadaka, jogoo aliyekosa mnunuzi kwapani. Alilitazama shuka, akawatazama watu, akanitazama mimi, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nimalize chuo. Nilidhani anaucheka ujumbe wake.

Nilikuwa ofisa masoko wa kikundi cha wakulima wa tangawizi. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko ofisi yenyewe: chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Same, feni moja, na dirisha linalotazama barabara kuu na malori yake. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa Moshi mwenye maduka kadhaa alituwekea masharti mawili. Kabla Agosti haijaisha tumpelekee tani tatu za tangawizi kavu, na tuwe na tangazo letu la video la kuinadi. Tukitimiza, angechukua mzigo wetu kila msimu, na wakulima wangeachana na madalali wanaopanda mlimani wakati shule zinafunguliwa na kila nyumba ina shida. Tukishindwa kimoja, basi. Alilitamka hivyohivyo, "basi," akaendelea kunywa soda yake.

Sikuwa nimewahi kutengeneza tangazo. Nikaona nianze kwa kujifunza kwa waliotutangulia, nikafungua folda kwenye kompyuta nikaiita Washindani, na kwa miezi minne nikakusanya kila video ya tangawizi, ya majani ya chai na ya viungo niliyokutana nayo mtandaoni.

Kazi hiyo ilinitoa roho. Tangazo la mtandaoni ukilitafuta hulipati. Linakuja lenyewe wakati unatafuta mambo mengine, linakuonyesha uso, linaondoka, na ukirudi nyuma kulisaka unakuta mtu anafundisha kusuka nywele. Nililazimika kuudanganya mtandao. Nikawa natafuta dawa ya mafua, kikohozi, kichefuchefu cha mimba, chochote kinachotibiwa kwa tangawizi, na ndani ya wiki mbili mtandao ukaamini nina hali mbaya sana, ukaanza kuniletea matangazo ya majeneza. Nyingi ya video hizo hazikubali kupakuliwa, kwa hiyo nilikuwa narekodi kioo cha simu huku nimeshika pumzi, na katikati ya sekunde nzuri kuliko zote ujumbe unashuka kunitaarifu kwamba kifurushi changu kinakaribia kuisha. Nilipiga meza mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka alikuja kuuliza kama kuna ugomvi.

Lile tangazo la kikombe kinachofuka, la kampuni ya Mvuke ya Arusha, ndilo lililonitesa kuliko yote. Lilinitokea mara moja tu. Nikafanikiwa kulirekodi, na ndani ya rekodi ukaingia ujumbe wa mama, ambaye kila saa saba mchana aliniuliza kama nimekula. Nilikaa siku tisa nikilisubiri lirudi nilirekodi safi. Halikurudi. Nikaliacha hivyohivyo, na mama yangu ndani yake.

Mpaka Juni folda ilikuwa na video arobaini na moja, na kila moja ilikuwa na mstari wake kwenye jedwali: sekunde tatu za kwanza zinaonyesha nini, anaongea nani, muziki upi, mwisho mtazamaji anaambiwa afanye nini. Nilijivunia jedwali lile kama mtu anavyojivunia nyumba. Tatizo lilikuwa wakulima wenyewe. Nilitaka sura zao kwenye tangazo letu, nao waligoma kupigwa picha mpaka waone wenzao walivyopigwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Loth, akashauri nipande Mhezi Jumapili moja, niwaonyeshe baada ya ibada.

Nilikwenda na Benson, mpiga picha wa harusi tuliyemkodi. Usiku wa kuamkia safari aliziangalia zile video kumi nilizochagua, akasema, "Dada Agape, mimi ningekata hizi namba za simu za mwisho."

"Mwisho ni sehemu ya utafiti," nikamjibu.

"Sawa. Utafiti wako."

Kabla ya kuwasha projekta niliwaeleza watu vizuri kabisa. Niliwaambia hizi ni kazi za washindani wetu, tunazitazama ili tujifunze, yetu bado. Nilirudia mara mbili. Mama hakuwepo. Alikuwa mzee wa kanisa, na mnada wa sadaka usingeendeshwa na mtu mwingine hata kama binti yake angekuwa anahutubia Umoja wa Mataifa. Aliingia kwenye video ya kumi, ya Mvuke. Jioni ileile tulishuka Same kumuwahisha Benson kwenye harusi aliyokodiwa Jumatatu, na mimi na mama hatukupata hata muda wa kukaa.

Siku ya kumi na tisa ya Agosti Mzee Loth alinipigia. Alikuwa Gonja kwa majuma matatu akimuuguza mkewe hospitalini, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi.

"Agape, mwanangu, huku hakuna tangawizi."

"Hakuna vipi, mzee?"

"Imeshuka yote. Limekuja Fuso la hao watu wa Mvuke, likasimama kule chini barabarani. Watu wamebeba mpaka gunia la mwisho."

Nilimpigia Priska, katibu wetu wa pale kijijini. Alianza kulia kabla sijauliza. Alisema hata wao walishangaa, kwa sababu walinisikia nikisema wale ni washindani. "Lakini mama yako ndiye aliyewapigia simu. Akaitisha msaragambo. Tungemkatalia vipi?"

Msaragambo kwetu ni kazi ya wote. Ukiitishwa, unaacha lako, unakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na hakuna anayeuliza analipwa nini. Mama aliutumia kubebesha kijiji kizima magunia ya tangawizi, kwa mgongo, kuteremka ule mteremko mpaka kwenye gari la washindani wangu. Nilikata simu. Nakumbuka feni ilikuwa inazunguka na nilitamani kuirushia kiatu.

Agosti ikaisha. Yule wa Moshi hakugomba. Alisema basi, kama alivyoahidi. Kikundi kikafifia, ofisi ikafungwa, na mimi nikapata kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi kwenye stesheneri karibu na stendi. Kamati haikuthubutu kumuuliza mama kitu wala kumwambia yaliyotupata, maana unaanzia wapi kumhoji mzee wa kanisa aliyekufundisha katekisimu? Nami sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na raha yake, niliilea. Akinipigia akauliza, "Kazi inaendeleaje?" nilimsikia kama ananikejeli. Nikamjibu, "Ipo." Ujumbe wa saa saba niliacha kuujibu. Hakuacha kuutuma.

Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Nilipanda Mhezi Julai iliyofuata kwa sababu ya ubatizo wa mtoto wa kaka yangu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, makali, yamepangwa kwa mtiririko kama lile jedwali langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alinipakulia makande. Nikala huku nikisubiri mwanya wa kuanzia. Sebule ilikuwa imejaa magunia, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, na nyumba nzima ilinuka tangawizi kavu. Kabla sijasema kitu alichukua simu yake, ile ndogo ya kioo aliyonunuliwa na kaka, akaivuta karibu na macho, akabonyeza kwa kidole kimoja.

Kikombe kikafuka. Mvuke ukapanda.

"Irine alinihifadhia hapa," alisema. Irine ni binti wa jirani, alikuwa ukumbini siku ile na alikuwa amerekodi kutoka kwenye shuka. "Wewe unazo nyingi huko ofisini. Mimi ninayo moja tu."

Ujumbe ukashuka. *Mama. Umekula?* Akaisimamisha video hapohapo.

"Ungeweza kuutoa," alisema. "Najua mnaweza kutoa vitu. Lakini uliuacha, kanisa zima likauona. Ndivyo nilivyojua ni tangazo lako bila kuambiwa na mtu."

Nikaiweka sahani chini. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia mimi.

"Nikupigie wewe waseme Agape anampendelea mama yake? Niliandika ile namba ya njano, ya kazini kwenu, nyuma ya kitabu cha nyimbo, nikapiga kama mkulima mwingine yeyote. Kijana mwenye adabu alipokea. Nikawaambia watu hapa, mtoto wetu anahitaji mzigo kabla ya mwisho wa Agosti, tumbebee. Mgongo uliniuma wiki mbili." Akacheka. "Ila mwaka huu mmechelewa."

"Tumechelewa?"

"Gari lenu. Madalali wamepita hapa mara tatu, nimewafukuza. Nimewazuia watu wote wasiuze. Kila nyumba iko hivi, Agape, magunia mpaka kwenye vitanda. Nimewaambia wakusubiri wewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye wasiwasi. "Linakuja lini?"

Yale maneno yangu makali sikuyaona tena yalipo. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale, na labda ndivyo mtu mwema angefanya. Nilimtazama alivyoishika ile simu kwa mikono miwili, uso wa yule mwanamke wa Arusha umefunikwa na swali lake, na nikajichukia kwa kila saa saba niliyoipuuza.

"Nipe kitabu cha nyimbo," nikasema.

Mtandao kwetu unapatikana nyuma ya zizi, penye jiwe. Nilisimama pale na kitabu mkononi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nikabonyeza namba moja moja kutoka kwenye mwandiko wake. Mama alikuja akasimama pembeni yangu, ameifunga kanga yake vizuri kama mtu aliye mbele ya wageni.

Simu ikapokelewa. Nikaeleza kwamba napiga kutoka Mhezi, kwamba kuna tangawizi kavu nyingi, nzuri, inasubiri gari. Yule kijana wa Mvuke akaniuliza jina, kisha akauliza, "Wewe ni mkulima, dada?"

"Ndiyo," nikasema, na mama akawa ananisikiliza kwa furaha jinsi ninavyoongea na wenzangu wa kazini.