Jumapili ya Gari la Kalinga

Mzee Kalinga wa Kihesa alikuwa na jambo moja tu moyoni: binti yake Esta aende kuolewa akiwa ndani ya gari lake. Na gari lenyewe halikuwa mchezo. Lilikuwa la enzi za kabla ya vita, la wazi, boneti ndefu, taa kubwa kama masufuria, viti vya ngozi na turubai la kukunja. Mlowezi ambaye Kalinga alikuwa dereva wake alimwachia likiwa bovu alipofunga virago, na Kalinga akalihangaikia miaka mpaka likanguruma. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na Seni, mchumba wa Esta, ndiyo kabisa.

Tuseme ukweli, Kalinga alikuwa na maringo. Wakwe zake walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu, na Maganga, baba yake Seni, alileta mahari kwa miguu, akiswaga ng'ombe pamoja na maksai wake wawili wa plau waliofungwa nira. Wiki nzima Kalinga alimwita "yule mzee wa ng'ombe". Gari lingemwonyesha mzee huyo Kalinga ni nani.

Ndoa ilikuwa Jumapili saa tisa, padri akirudi kutoka vigangoni. Mwaka ule mafuta yalikuwa adimu, na serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kalinga alipanga waondoke saa saba. Alichosahau ni dada zake.

Mashangazi walifunga mlango wa chumba cha bibi harusi, wakasema hatoki mtu mpaka wakwe wawalainishe kwa zawadi. Wageni wa Usangu hawakuijua mila hiyo. Walidhani ni burudani, wakakaa kitako wakipiga makofi, naye shangazi Leokadia akazidi kukaza uzi. Mpaka mtu alipokwenda kuwanong'oneza, vitenge vikatafutwa na Esta akatoka, saa nane ilikuwa imepita, na polisi walikuwa wameshasimama njia panda ya kanisa.

Kalinga aliketi kwenye usukani. Esta alimwambia kwa upole kwamba yuko tayari kwenda kwa miguu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Maganga alilizunguka gari, akaondoka, akarudi na maksai wake, nira na mnyororo wa plau.

"Baba Esta, hawa hawanywi mafuta," alisema. "Wewe shika usukani tu."

Kalinga alitaka kukataa. Akamtazama Esta, akachomoa ufunguo.

Kihesa nzima ilitoka nje kwa vigelegele. Njia panda polisi aliwasimamisha, akagusa boneti, akaikuta baridi. Alitafuta kosa, akalikosa, akawapisha huku akicheka.

Ndoa ilipokwisha, watu walisubiri Kalinga apande kwenye kiti chake. Hakupanda. Alimfungulia Seni mlango wa dereva, akamwonyesha breki, akamwambia amwendeshe mkewe taratibu. Kisha akaenda mbele na suti yake, akasimama kando ya maksai.

"Mkwe," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nipe hiyo fimbo. Na uniambie, hawa wanaitwa nani?"

Maganga akampa fimbo, akamtajia majina, na wazee wale wakashika njia ya nyumbani bega kwa bega.